Fundo la Twahir

Kila Jumamosi asubuhi baba yangu, Mzee Suleiman, hukagua kamba za mashua yake. Kazi yangu ni kushika ncha moja. Yeye huivuta, kisha huzifumua nyuzi kwa vidole atazame ndani, kwa maana kamba huanza kuozea ndani huku nje ikionekana nzima. Akiiona imeoza, huikatakata kwa kisu vipande vya shibiri moja moja. Hapa kwetu Gazi mvuvi hatupi kamba mbovu ikiwa nzima. "Atakayeiokota ataiamini," husema baba.

Kabla yangu mimi, ncha hiyo ilishikwa na kaka yangu Twahir. Alikuwa na miaka saba tu alipojua kufunga mashua, na baba hakuwa na haja ya kulirudia fundo lake. Alipokua akaandikwa jeshini, nasi tukajivuna mtaa mzima.

Mwaka 1998, nilipokuwa darasa la saba, Twahir alifariki mazoezini katika kambi moja huko bara. Walikuwa wakijifunza kuvuka korongo kwa kamba. Tulimzika tukiwa hatujui lolote zaidi, kisha ikaletwa barua. Ilisema kwamba marehemu hakuifunga kamba yake ipasavyo.

Hakuifunga! Mpaka leo damu hunichemka nikilikumbuka neno hilo. Aliyeliandika hakuwahi kumwona Twahir akifunga mashua siku ya dhoruba, wala hakujisumbua kuuliza.

Habari ya barua ikafika shuleni. Rai, aliyekaa dawati la nyuma yangu, akacheka.

"Mtoto wa Gazi kashindwa na fundo? Huyo si shujaa. Kafa mchezoni."

Niligeuka kwa hasira. "Mwongo wewe! Kaka yangu ameuawa na majambazi mpakani. Aliwaokoa wenzake watatu!"

Rai akaacha kucheka. Uongo ulinitoka bila kufikiri, na nakiri kwamba ulikuwa mtamu. Siku hiyo hiyo ulimfikia mwalimu mkuu, Bwana Nzai, ambaye hakuwa amesikia habari ya barua. Aliniita ofisini, machozi yakimlengalenga.

"Muhsina, Ijumaa ijayo ni siku ya wazazi. Tutamkumbuka Twahir mbele ya watu wote, na wewe ndiwe utakayesimulia ushujaa wake."

"Ndiyo, mwalimu," nikaitikia. Kisha nikakumbuka kwamba baba naye atakuwapo. 

Siku mbili kabla ya Ijumaa hiyo ilitimia arobaini ya Twahir. Tulipomaliza kusoma hitima, tulimkuta kijana mrefu ameketi barazani kwa adabu, akitungoja. Alikuwa Timothy, Mkristo kutoka bara, aliyelala kitanda cha pili kutoka kwa Twahir kambini.

"Shikamoo, mzee. Poleni sana kwa msiba."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa. Karibu, ule kwanza."

"Nitakula, mzee. Lakini nina kitu cha kukuonyesha."

Akatoa mfukoni kitambaa, akakifungua. Ndani mlikuwa na kipande cha kamba chenye fundo.

"Mimi ndimi niliyemfikia wa kwanza kule chini. Kamba hii ilikuwa bado iko kiunoni mwake."

Baba aliligusa lile fundo. Lilikuwa limekaza kama Twahir mwenyewe alivyoliacha. Shibiri mbili mbele yake ndipo kamba ilipokatikia. Baba akazifumua nyuzi, na unga wa kahawia ukamwagika mkekani.

"Aliwaambia wakubwa wetu," alisema Timothy. "Asubuhi ile aliifumua hivyo hivyo, akasema imeoza. Afande akamjibu, 'Hapa si kwenu kwa wavuvi. Vuka!' Mimi na wenzangu wawili tulisikia, na tuko tayari kusema. Hakuna aliyetuuliza. Na kamba nyingine za stoo ile zinatumika hadi leo, mzee."

Mkono wa baba ulichomoa kisu kwa mazoea. Kisha akakirudisha alani.

"Hii haikatwi," alisema.

Nilishindwa kujizuia. "Baba, mimi nimewaambia watu aliuawa na majambazi!"

"Kwa nini?"

"Walimcheka. Nilitaka wamheshimu."

Baba hakupaza sauti, lakini sijapata kumwona amekasirika vile. "Umempa kaka yako sifa asiyoihitaji, na waliomtuma kwenye kamba mbovu umewapa mahali pa kujificha. Watu wakiambiwa ni risasi, nani atakwenda kuitazama kamba?"

Ijumaa nilisimama mbele ya wanafunzi na wazazi. "Nilidanganya," nilisema. "Kaka yangu hakufa vitani. Alisema kamba imeoza, hawakumsikiliza, kisha wakamlaumu yeye." Nikaliinua fundo juu.

Wavuvi waliokuwapo wakapokezana kile kipande. Kila mmoja alilivuta fundo, na kila mmoja akatikisa kichwa kwa ghadhabu. "Fundo hili halina kosa," alisema baba yake Rai. Rai aliinamisha kichwa, na baadaye akaniomba radhi bila kulazimishwa.

Bwana Nzai aliwaandikia barua wakubwa wa jeshi siku ile ile. Timothy na wenzake wawili walitia majina yao ingawa walijua huenda wakaadhibiwa, na wavuvi thelathini na saba wakatia sahihi au dole gumba. Baada ya miezi mitatu likaja jibu la mistari minne. Lilisema kamba ilikuwa imechakaa, lawama imeondolewa kwa marehemu, na kamba zote za stoo ile zimechomwa moto. Halikuomba radhi. Hilo linanikera hadi leo.

Jumamosi iliyofuata baba alinipa ncha ya kamba.

"Ungeshikilia uongo wako, mwanangu," alisema, "leo tungekuwa na shujaa wa kubuni, na kijana mwingine wa watu angekuwa ananing'inia kwenye kamba zile. Ukitaka kumtetea ndugu yako, sema lililotokea, hata kama watu watacheka kwanza."

Kisha akajizatiti. "Haya, vuta."

Nikavuta kwa nguvu zangu zote.