Mafuta ya Mjomba na Bega la Mama

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilifagia chumba cha mama cha kusukia. Nywele za watu hazikunikera. Kilichonikera ni uvundo wa mafuta ya mjomba. Ptuu! Samli iliyochacha, vitunguu saumu na mafuta ya taa, vyote kopo moja, na mama alijipaka begani mpaka blauzi inalowa. Nzi walimpenda kuliko wateja.

Bega lake lilikuwa limekakamaa. Mkono haukufika utosini mwa mteja, na msusi asiyefika utosini atasuka nini? Wateja walihamia kwa jirani mmoja mmoja. Alibaki bibi harusi mmoja tu, ambaye harusi yake ilikuwa miezi michache mbele, naye alishaanza kusitasita. Mjomba alisema dawa chungu ndiyo inayoponya. Kwangu hii haikuwa chungu, ilikuwa imeoza.

Nilimsumbua mama mpaka akaenda zahanati. Mtaalamu wa viungo, mwanamke mwenye vidole vya chuma, alifungua dirisha kwanza. Kisha akaliminya bega, akalizungusha taratibu, na mkono ukapanda kidogo. Akamwagiza mama kila siku asimame mbele ya ukuta, apandishe vidole polepole, na maumivu yakizidi apumzike.

Nyumbani mama aliguna. Kukandwa alikupenda, lakini kuparamia ukuta kama mjusi, mtu mzima na akili zake? Akarudia kopo. Aliporudi zahanati, bega lilikuwa palepale.

"Dada, mikono yangu inafungua mlango tu," mtaalamu alisema bila kutabasamu. "Usipoupita kila siku, unajifunga tena."

Maneno yale yalimchoma. Tangu siku hiyo alipandisha vidole ukutani kila jioni, uso kaukunja. Kopo hakuliacha mara moja, hivyo vidole vyake vyenye mafuta vikaujaza ukuta madoa. Niliyasugua huku nimeziba pua, na sabuni haikuyatoa. Yalipofika usawa wa paji langu, mama mwenyewe alichoshwa na harufu, akaacha kujipaka. Kuanzia hapo mimi nikawa naweka alama za chaki pale vidole vilipoishia, mpaka nikahitaji kigoda.

Bibi harusi alisukwa, utosi na yote. Mjomba akaja amevimba kifua, anataka kushukuriwa kwa dawa yake.

Mama alimwonyesha ukuta. "Kaka, mafuta yako yaliishia pale," alisema. "Mkono wangu haukuishia pale." Kisha akanigeukia. "Umeona, mwanangu? Kupona hakupakwi. Kunafanyiwa kazi."

Akanipa lile kopo nikalitupe. Nililibeba kwa vidole viwili.