Waya wa Tatu

Mwalimu mmoja mstaafu aligeuza stoo ya nyumba yake kuwa chumba cha kurekodia. Alitundika mablanketi ukutani, akaweka maikrofoni mezani. Kila asubuhi aliwasomea vitabu vya masomo wanafunzi wasioona. Aliipenda sana kazi hiyo.

Jumatatu, shule yao ilimrudishia masomo yote aliyorekodi. Barua ilikuwa fupi: sauti ina mvumo, wanafunzi wanaumwa vichwa. Asiporekebisha kufikia Ijumaa, kazi atapewa msomaji mwingine.

Mwalimu alinyong'onyea. Miezi mitatu ya kukausha koo, yote bure!

"Maikrofoni yenyewe mbovu," mume wake alisema. Yeye ni fundi redio, na kwake kifaa chochote kilichonunuliwa bila kumuuliza ni kibovu.

Mwalimu alimwita jirani yao, mama anayefunga vipaza sauti kwenye mikutano. Mtaa mzima humwita Masikio.

Masikio alivaa hedifoni, akakunja uso. "Huu mvumo wa umeme. Kebo inapita wapi?"

Kebo ilitoka stoo, ikapita nyuma ya friji, ikaishia sebuleni kwenye kisanduku cha kurekodia. Masikio aliivuta mbali na friji. Mvumo ukapungua, lakini haukuisha. Ndipo akachomoa plagi ya kebo kwenye kisanduku na kuigeuzageuza.

"Nani kafunga hii?"

"Mimi," fundi alijibu kwa madaha. "Ya mwanzo ilivunjika. Hii nimeitoa kwenye redio ya zamani. Imeingia sawasawa!"

"Kuingia imeingia, shemeji. Ila kebo ina nyaya tatu, na plagi yako ina sehemu mbili. Waya wa tatu umeupeleka wapi?"

"Nimeusokota na ule wa nje. Miaka thelathini nafunga nyaya mbili, na redio zinaimba!"

"Zinaimba kwa sababu kebo zake ni fupi. Hii ni mita nane." Masikio aliichuna ncha ya kebo wakaona wote. "Hizi mbili za ndani zinabeba sauti ileile, ila kwenye mmoja imegeuzwa kinyume. Huu wa nje ni kinga. Mvumo ukipenya, unaingia kwenye zote mbili kwa kiasi kimoja. Kisanduku kinachukua tofauti yao tu. Sauti inabaki, mvumo unajifuta. Wewe umeuzima mmoja."

"Na kinanda changu hiki cha sebuleni?" mwalimu aliuliza. "Plagi yake ni ya sehemu mbili tangu kiwandani."

"Hicho kitumie kebo fupi, mbali na nyaya za umeme. Hakina shida."

Fundi alijikuna kichwa. Mwalimu aliogopa atanuna hadi kesho. Lakini mumewe alikwenda kuleta chuma chake cha kulehemu. Masikio alimpa plagi ya pini tatu, naye akaunganisha kila waya mahali pake, taratibu, ulimi nje.

Walirekodi ukurasa mmoja, wakausikiliza. Mvumo haukuwepo. Mwalimu alicheka kwa furaha, akarudi stoo kuanza upya sura ya kwanza. Alisoma siku nne mfululizo, na Ijumaa alituma sura za mwanzo.

Jioni hiyo shule ilipiga simu. "Mwalimu, endelea na kitabu chote. Ila wanafunzi wanauliza, mbona unapumua kwa nguvu kila unapofungua ukurasa?"

"Waambie ni uzee," alisema, machozi yakimlengalenga. "Jamani, wananisikia mpaka pumzi!"