Jibini Lilipopita Mara ya Pili

Alhamisi moja ya mwezi Machi, saa sita na nusu mchana, mgahawa wa Mama Zélie mjini Lyon ulikuwa umefurika hadi mlangoni. Makoti yaliyolowa mvua yalirundikana ukutani, madirisha yalifunikwa na mvuke wa supu, na Mama Zélie mwenyewe, mwanamke mnene mwenye aproni nyeupe, alipita kati ya meza kwa ubavu. Alimshika Orianne Perrachon mkono, akamketisha kwenye meza ndogo ya pembeni ambayo tayari ilikuwa na mtu, akatangaza kwamba leo watu watakaa na wasiowajua, na asiyetaka akale kwake.

Orianne alikuwa fundi wa miwani, mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja. Siku hiyo alivaa koti la rangi ya haradali na skafu ya kijani. Mtu aliyemkuta mezani alikuwa dereva wa tramu. Sare yake ya kijivu ilimfupia mikononi, na viganja vyake vipana vilitulia juu ya meza kana kwamba ameviazima na anaogopa kuviharibu. Jina lake lilikuwa Anselme Vuillod. Alitoka Jura, kule milimani, ambako baba yake alitengeneza jibini.

Walikula kimya mpaka Mama Zélie alipokuja na swali ambalo humuuliza kila mteja wa mlo wa mchana: jibini, au kitindamlo? Kimoja tu, si vyote viwili. Orianne alivitaka vyote viwili, na uso wake haukuweza kuficha.

"Wewe chukua kitindamlo," Anselme akamwambia, "mimi nichukue jibini. Tutagawana nusu kwa nusu."

"Na nikikumalizia nusu yako?"

"Nitajua nimekaa na mtu wa namna gani."

"Umekaa na mlafi, kaka. Nakuambia mapema."

Anselme akacheka, na Orianne akaona kwamba kicheko kilimbadilisha, kikampunguzia miaka kumi. Mama Zélie akawaletea jibini na kitindamlo, pamoja na vijiko viwili.

Tangu siku hiyo Alhamisi ikawa yao. Siku nyingine walikutana kwa simu. Anselme akifika kituo cha mwisho cha njia yake alikuwa na dakika nne kabla ya kugeuza tramu, naye alizitumia zote kwa Orianne. "Nimefika, kipenzi," angesema. "Nina dakika nne. Niambie chochote." Basi Orianne, amejificha nyuma ya rafu za fremu, angemsimulia habari za bibi aliyekuja kutafuta miwani ilhali ameivaa kichwani, au angemtania kuhusu ile mikono ya sare.

Na kila Alhamisi, jibini na kitindamlo vilipofika, Anselme alikata nusu ya jibini lake kwa uangalifu wa fundi, akampa. Kisha kisahani cha kitindamlo kilisogea kidogo kidogo upande wa Orianne mpaka kikawa chake chote. Orianne aliona hayo ni mapenzi. Alimsimulia hata mama yake, kwamba amepata mwanamume anayemwachia utamu wake.

Mwezi Novemba mama yake akamwalika Anselme mlo wa Jumapili. Huguette Perrachon alikuwa mjane, fundi mstaafu wa kushona kofia, na mwaliko wake haukuwa jambo la mzaha. Wote watatu walijua maana yake. Anselme alikuwa amekwisha kumwambia Orianne kwamba baada ya mlo huo ana neno la kuomba, na angependa kuliomba mbele ya mama. Alinunua koti la bluu iliyokoza, safari hii la kumfika viganjani.

Mlo ulianza vyema. Kulikuwa na kuku wa krimu na uyoga, ikafuata saladi, kisha sinia la jibini. Sasa, katika nyumba ya Huguette, kama ilivyo katika nyumba nyingi za huko, sinia la jibini hupita mara moja tu. Anayelirudia anasema, pasipo kufungua kinywa, kwamba chakula cha mwenye nyumba hakikumshibisha. Orianne alikuwa amekua na desturi hiyo jinsi alivyokua na ngazi za nyumba yao, kwa hiyo hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu wa kuelezwa.

Anselme akakata kipande cha Comté, jibini la kwao Jura, akala polepole, akakisifu. Halafu akanyoosha mkono, akalivuta sinia kutoka mwisho wa meza, akakata kipande cha pili, kikubwa kuliko cha kwanza.

Huguette akaweka uma chini.

Aliinuka, akaenda jikoni, akarudi na keki bapa ya lozi zilizopikwa kwa sukari nyekundu, aliyoanza kuitengeneza alfajiri. Ilikuwa nzuri, ikimetameta. Anselme alipoiona, rangi ikamtoka usoni.

"Asante sana, Mama," akasema. "Mimi nimekwisha kupata kitindamlo changu."

"Kipi?"

"Jibini."

"Jibini si kitindamlo, bwana Vuillod. Jibini ni jibini."

Orianne akacheka ili kuyapoza mambo. Akakata kipande cha keki, akakiweka kwenye sahani ya Anselme, akampigia magoti kwa macho. Anselme akakitazama kile kipande, kisha akautazama mlango. Akainuka. Akaomba radhi, akasema amekumbuka kwamba ana zamu, akatoka. Neno alilokuja kuliomba akaondoka nalo.

Jioni Orianne alimpigia simu. Alimweleza habari ya sinia na aibu ya mama yake, na Anselme alikiri kwamba hakujua, akaomba samahani mara tatu. Ilipofika kwenye keki, hakuomba samahani.

"Ungekula kijiko kimoja tu, Anselme. Kwa ajili yangu."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

Ilisikika kengele ya tramu.

"Basi kaa na jibini lako," Orianne akasema, akakata simu.

Alhamisi tatu zikapita. Orianne alikula mkate nyuma ya duka, amesimama. Simu ilipolia hakuipokea, na ilipoacha kulia alikuwa akiitazama. Mama yake alimwambia kwamba mtu akishaonyesha alivyo, ni bora aonyeshe mapema. Orianne alikubali, kisha akaenda chumbani kwake kulia.

Alhamisi ya nne njaa, au kitu alichokiita njaa, ilimpeleka kwa Mama Zélie. Alikaa peke yake kwenye meza ile ya pembeni. Aliagiza kitindamlo, na Mama Zélie, kwa mazoea, akaleta vijiko viwili.

"Samahani, mwanangu," akasema, akakichukua kimoja. Kisha akasimama nacho mkononi. "Ingawa hiki hata ningekuachia kisingenipa kazi ya kuosha. Miezi minane kijiko cha yule kijana kinarudi jikoni kisafi. Naosha mwenyewe, najua. Nilidhani ana ugonjwa wa sukari."

Orianne akabaki amekishika kijiko chake hewani. Alijaribu kukumbuka Alhamisi moja, moja tu, aliyomwona Anselme akimeza kitu kitamu. Hakuipata. Kisahani kilikuwa kikisogezwa, na yeye alikuwa akila na kushukuru, wala hakuuliza.

Akatoka nje kwenye baridi bila koti, akapiga simu.

"Una dakika ngapi?"

"Nne," Anselme akasema.

"Nieleze kuhusu kijiko."

Anselme hakujifanya kutoelewa. Alivuta pumzi, akaanza, na alisema kwa utulivu wa mtu anayetangaza vituo.

"Nilikuwa na miaka tisa. Ilikuwa Jumapili. Mama alileta keki ya tufaha, akaikata vipande vitatu, akaviweka kwenye sahani zetu. Kisha akavua aproni, akachukua begi lililokuwa nyuma ya mlango, akatoka. Baba na mimi tulidhani ameenda kuchukua kitu, tukamngoja ili tule pamoja. Keki ile ilikaa mezani mpaka Jumatano."

"Anselme."

"Ngoja nimalize, laazizi, bado dakika mbili. Tangu hapo Baba anamaliza mlo kwa jibini. Anasema hiki ndicho kitindamlo chetu. Na hukata mara mbili, mara tatu, ili tusiinuke mezani upesi. Kwa hiyo kwa mama yako, nilipolirudia lile sinia..."

"Ulikuwa unasema nini?"

"Kwamba nimependa kukaa."

Kengele ikalia. Dakika zilikuwa zimekwisha.

Jioni ile Orianne alimsimulia mama yake kila kitu. Huguette alikuwa akimenya viazi, akaendelea kumenya hata baada ya hadithi kwisha, mpaka viazi vikazidi mahitaji ya watu wawili. Mwishowe akasema, "Mwambie aje Jumapili."

Anselme alikuja na koti lake la bluu, akaketi kwenye ncha ya kiti. Walikula kuku. Baada ya kuku, kabla ya saladi, Huguette akaleta keki nyekundu ya lozi, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika nyumba ile. Alijikatia kipande, akamkatia Orianne, na hakumkatia mgeni wala hakumwomba radhi. Hatimaye, saladi nayo ilipoliwa, akaliweka sinia la jibini katikati ya meza, mbele ya Anselme, akaketi.

"Katika nyumba hii jibini hupita mara moja," akasema.

"Sasa najua, Mama."

"Leo halipiti. Litakaa hapo. Na sisi tutakaa."

Anselme akakata. Akala. Akakata tena. Jikoni birika la kahawa likaanza kutokota, na Orianne akamtazama mama yake, kwa sababu miaka yote Huguette huinuka kabla halijachemka. Huguette hakuinuka. Birika likapiga kelele, harufu ya kahawa inayoungua ikaingia chumbani, na yule mama akaendelea kuketi, mikono yake imeshikana juu ya kitambaa cha meza.

Anselme aliutazama mlango. Kisha akawatazama wanawake wale wawili, mmoja baada ya mwingine. Akaivuta polepole sahani ya Orianne, iliyokuwa na kipande kilichobaki, akachukua kijiko.

Ilimchukua muda mrefu kumeza.

"Ni tamu mno," akasema.

"Mwenzako ndivyo anavyoipenda," Huguette akajibu. "Haya, lile neno ulilokimbia nalo uliseme. Kahawa yangu imekwisha kuungua."

Akalisema, kwa sauti ndogo, macho yakiwa kwa Orianne. Orianne akamwambia kwamba alikuwa amekwisha kukubali tangu Alhamisi, ndani ya zile dakika nne, ila kengele ilimwahi.

Baadaye alijitolea kuosha vyombo peke yake. Kijiko cha Anselme alikiacha mwisho. Kilikuwa na wekundu wa lozi mpaka shingoni, naye akakishika chini ya taa kwa muda kabla ya kukitia majini.