Uvimbe Kichwani mwa Mama

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Eveline aliwapa nguruwe pumba, akafagia uwanja, kisha akawamenyea wazazi wake viazi. Kwao ni Yakobi, pembezoni mwa mji wa Njombe. Nguruwe wao hawakufungiwa bandani. Walizurura hadi nyuma ya choo, na hakuna aliyeona ubaya wowote.

Asubuhi moja ya Julai, baridi ikiwa kali, mama yake, Modesta, alianguka karibu na jiko. Mwili ulimkakamaa, macho yakageuka, povu likamtoka mdomoni. Ilikuwa mara ya tatu mwezi huo. Hospitalini walimpiga picha ya kichwa, kisha daktari akamwambia baba kwamba kuna uvimbe kwenye ubongo na huenda ni saratani. Ilibidi apelekwe Dar es Salaam, akapasuliwe kichwa.

Baba, mzee Silvanus, alirudi nyumbani akaketi mlangoni, kofia mkononi. Eveline, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alimsikia akimwambia jirani kwamba wengine wakipasuliwa kichwa hawaamki tena. Tangu hapo, kila mama alipochelewa kuitika, alikimbia kumtazama.

Siku moja kabla ya safari, wote watatu walitangulia Makambako, kwa shangazi Feliciana, ili mgonjwa apumzike na kupanda basi kesho yake. Shangazi alikuwa muuguzi wa zahanati. Alimkaribisha wifi yake, akampa kitanda, kisha akakaa na kaka yake sebuleni na kumhoji taratibu: kifafa kilianza lini, nguruwe wanafugwaje, choo kikoje. Eveline alikuwa kwenye kona, akichambua mchele.

"Kaka, kwako kuna mtu anayetoa minyoo ya tegu? Vipande vyeupe, bapa kama utepe? Mayai yake yakiliwa na chakula, huweza kuleta kifafa."

"Hakuna," baba alijibu bila kufikiri. "Nyumba yangu ni safi, dada."

Eveline aliuweka ungo chini. Kwa zaidi ya mwaka mzima alikuwa akiviona vipande hivyo chooni, vingine vikijongea. Alimwambia rafiki yake Hulda tu, naye Hulda akacheka na kumwita "Mama Minyoo" mbele ya wasichana wenzao. Tangu siku hiyo alifunga mdomo. Na ni yeye aliyepika nyumbani, mara nyingi akitoka chooni moja kwa moja hadi kwenye viazi, bila kunawa.

Alitoka nje, akajiinamia kando ya tangi la maji. Alimwomba Mungu amponye mama bila yeye kulazimika kusema. Alirudia sala hiyo mara nyingi, lakini haikumpa amani. Ndipo mama akamwita chumbani kwa sauti dhaifu.

"Mwanangu, nisiporudi, kitenge changu cha kanisani ni chako. Umtunze baba yako."

Eveline alirudi sebuleni, akasimama mbele ya shangazi.

"Shangazi, ni mimi. Mimi ndiye ninayevitoa. Nimemwua mama?"

Baba aliinuka. Eveline alifumba macho akisubiri kofi, lakini baba alikaa tena na kujishika kichwa. Alisema kwa sauti ndogo kwamba mwaka juzi mnunuzi wa Makambako alimkagua nguruwe wao mmoja ulimi, akakuta vijipunje vyeupe, dalili ya minyoo ya tegu, akamkataa. Yeye hakutaka hasara. Alimchinja nyumbani bila kumwita bwana mifugo kukagua nyama, na Eveline na watoto wengine wakachoma vipande na kula kabla havijaiva. "Kama kuna wa kulaumiwa," alisema, "ni mimi."

Shangazi alimpigia simu daktari wa Njombe palepale. Safari ya Dar es Salaam ikasimamishwa. Walirudi Njombe, mama akapimwa damu, picha ikatazamwa upya. Haikuwa saratani. Yalikuwa mayai ya tegu, yaliyoingia na chakula, yakageuka vifuko vya minyoo ndani ya ubongo. Mama alilazwa, akapewa dawa chini ya uangalizi. Eveline naye alitibiwa, na watu wote wa nyumbani wakapimwa. Baada ya miezi sita, picha ilionyesha uvimbe umesinyaa, na mama alikuwa hajaanguka tena.

Siku hiyo daktari alimketisha Eveline mbele ya wazazi wake.

"Kuugua si kosa lako," alimwambia. "Wafungieni nguruwe, ivisheni nyama mpaka ndani, naweni kwa sabuni kila mtokapo chooni. Lakini wewe, binti, ukiona jambo geni mwilini mwako, sema siku hiyohiyo, hata wakikucheka. Ungenyamaza, tungempasua mama yako kichwa kutafuta saratani isiyokuwepo."

Mama aliuvuta mkono wa Eveline, akaushika kwa nguvu mpaka walipofika nyumbani.