Mafundo Mawili kwenye Kamba ya Kitunga

Jumanne ilikuwa siku ya soko huko Mushaki, kijiji cha vilimani. Jua likichomoza tu, akina mama wa Bihambwe walikuwa wamekwisha kufika na maharagwe mgongoni. Walikuwa wamelala njiani, miguu iliwauma, na watoto waliwangoja nyumbani. Walitaka kuuza upesi warudi kwao. Kwa hiyo asubuhi maharagwe yalikuwa rahisi: kitunga kimoja, yaani kikapu kilichojaa, faranga kumi na mbili. Saa sita kamioni, yaani malori ya mizigo, zilipanda kutoka Sake, huko bondeni. Wenye kamioni walinunua chakula cha wafanyakazi wa mashamba ya kahawa, na hawakuwa na muda wa kubishana. Hapo kitunga kilifika faranga kumi na sita.

Mwaka 1953, mkulima mmoja aitwaye Damien aliliona jambo hilo. Akanunua asubuhi, akauza saa sita. Jumanne ya kwanza, faida. Ya pili, faida. Ya tatu akarudi nyumbani na kofia mpya, na kichwa kilikuwa kimevimba hata kofia yenyewe ilimbana.

"Mama Hubert, jembe sasa nimeliacha," alimwambia mke wake Constance. "Mimi niko muntu ya biashara."

"Soko ilikupa mara tatu tu, Papa Hubert," Constance alijibu. "Shamba inatupa tangu tuoane."

Damien alicheka. Heri angesikiliza.

Mvua za mwezi wa tisa zikaanza. Barabara ya Sake ni ya udongo. Mvua ikinyesha, baryeri, ule mti wa kufungia njia, inashushwa, na kamioni zinangoja huko chini mpaka udongo ukauke. Jumanne ya nne hazikufika. Bei ikateremka: kumi na moja, kumi, tisa. Karibu na Damien aliketi Mama Thacienne, mjane aliyezaliwa Mpofi, huko Walikale. Yeye aliuza mafuta ya mawese, na maharagwe pia. Bei ilipogusa kumi, aliuza vitunga vyake vyote na kukunja mkeka.

"Uza, kaka," alimwambia Damien.

"Kamioni itakuja."

Haikuja. Jioni Damien aliuza kwa sita. Jumanne ya tano ikawa vilevile, na safari hii alikuwa amenunua kwa pesa ya mbuzi wao. Kila aliyekutana naye alisikia kosa ni la nani. Lilikuwa la mlinzi wa baryeri. Lilikuwa la mvua. Lilikuwa hata la Mama Thacienne, eti kwa kuuza mapema aliwafundisha watu bei ya chini.

Jumanne ya sita Constance aliondoka mapema kulainisha udongo wa shamba. Damien akabaki peke yake mbele ya chungu cha mbegu. Kila nyumba ya vilima hivi ilikuwa na chungu hicho. Ndani yake mlikuwa na maharagwe yaliyochaguliwa moja moja, yakachanganywa na majivu ili wadudu wasiyatoboe. Hakuna aliyekigusa kabla ya siku ya kupanda, hata kama watoto walilala njaa.

Damien akaingiza mkono. Akapepeta majivu, akajaza vitunga viwili. Mpango wake ulikuwa huu: saa sita auze mbegu kwa kumi na sita, kisha jioni, kamioni zikiondoka, anunue nyingine kwa bei ya chini, ajaze chungu, na mke wake asijue kitu. Njia nzima alijiambia kwamba hiyo ni akili.

Sokoni alitoa pesa yake yote iliyobaki, akanunua vitunga vitatu kwa kumi na mbili kila kimoja. Sasa alikuwa na vitano. Akaketi kungoja.

Saa sita ikafika bila kamioni. Mawingu meusi yalijikusanya upande wa Sake. Saa saba bei ilikuwa kumi, na Mama Thacienne akauza vyake. Saa nane bei ilikuwa tisa. Jasho lilimtiririka Damien chini ya kofia. Akahesabu tena, na hesabu ikakataa tena.

Mnunuzi mmoja akasimama mbele yake. "Tisa. Ninachukua zote tano, sasa hivi."

Damien aliyatazama mawingu. Akafungua mdomo kukubali.

Mama Thacienne akaingiza kidole katika kitunga cha mwisho. Kikatoka na weupe wa majivu.

"Kaka," alisema polepole, "hii ni mbegu."

Kabla Damien hajajibu, jembe liliwekwa chini karibu na miguu yake. Constance alikuwa amesimama hapo, matope mpaka magotini. Alikuwa amerudi nyumbani kuchukua mbegu, akakuta majivu matupu.

"Papa Hubert," alisema, "kesho tunapanda nini?"

"Ni ile baryeri," Damien alianza. "Wanafunga kila Jumanne, na mvua nayo..."

"Baryeri iliingiza mukono mu chungu yenu?" Mama Thacienne aliuliza.

Damien alijifuta mikono kwenye suruali.

"Sikiliza, kaka. Ku hii biashara ya siku moja, kuko siku unapata na kuko siku unapoteza. Mimi pia napoteza. Hii mwezi nimepoteza mara tatu."

"Wewe?" Damien alishangaa. Alidhani mama huyu hajui hasara.

"Mimi. Lakini napoteza kidogo." Akamwonyesha kamba ya kitunga chake. Ilikuwa na mafundo mawili. "Fundo ya juu ni bei ya kufurahi. Ikifika, nauza, hata kama bantu banasema itapanda tena. Fundo ya chini ni bei ya kuumia. Ikifika, nauza, hata kama moyo inalia. Nafunga yote mbili asubui, kichwa ikiwa ingali baridi. Saa sita sifungui."

"Na kamioni ikikuja nyuma ya kuuza?"

"Inakujaka. Navumilia. Na tena, franga yenye naleta hapa, hata ikipotea yote, batoto bangu batakula. Mbegu haiingie ku soko. Mvua, kamioni, bei, hauwezi kuamuru. Yako ni kununua ao kuacha, kuuza ao kungoja. Ile hakuna mwingine wa kuijibia."

Mnunuzi alikuwa anageuka kwenda. "Zote tano kwa tisa. Ukipunguza, nakupa nane."

Damien alimtazama mke wake.

"Hakuna muntu alinilazimisha," alisema. "Ni mimi njo nilitoa mbegu. Mimi njo nilikataa kuuza kwa kumi." Akamgeukia mnunuzi. "Chukua tatu kwa nane. Hizi mbili si za kuuza."

Alipoteza faranga kumi na mbili pale pale, mchana, watu wakiona. Iliuma.

Tone la kwanza likaanguka. Mbegu ikilowa inavimba na kuoza. Damien akavua kofia yake, akafunika nayo kitunga kimoja. Constance akafunika cha pili kwa kitambaa chake cha kichwa. Wakapandisha mlima mbio. Walifika wamelowa chapachapa. Mbegu zilikuwa kavu, ila kofia haikufaa tena.

Kesho yake walipanda. Mwezi wa kumi na moja shamba lilitoa maua, na mwezi wa kumi na mbili walivuna. Damien alirudi sokoni, lakini baada ya kulima, na kwa vitunga viwili tu. Kila kamba ilikuwa na mafundo mawili.

Jumanne moja bei ilianguka mpaka kumi. Damien akauza. Kabla hajafika hata mwisho wa soko, kamioni tatu zikaingia, na bei ikaruka mpaka kumi na saba. Watu walimcheka waziwazi. Alitembea mpaka nyumbani akiwa na uchungu moyoni.

"Kamioni zilikuja?" Constance aliuliza.

"Zilikuja. Nilikuwa nimemaliza kuuza."

"Kosa ni ya nani?"

"Leo hakuna kosa. Mimi njo nilifunga fundo, na mimi njo niliifuata."

Constance akampakulia maharagwe ya shamba lao, sahani imejaa. Kwenye kona, chungu cha mbegu kilikuwa kimefunikwa, na majivu yake hayakuguswa.