Sauti ya Babu Kwenye Seva

Kila alasiri, Bibi alipomaliza kukunja nguo, alikaa sebuleni kumsikiliza marehemu Babu. Sauti ilitoka kwenye spika ndogo iliyounganishwa na kompyuta kuukuu isiyo na kioo. Shangazi, ambaye ni fundi wa kompyuta, ndiye aliyeiwekea mfumo wa Linux na kuigeuza kuwa seva ya nyumbani. Humo alihifadhi hadithi ambazo Babu aliwarekodia wajukuu wake alipokuwa hai. Bibi alizijua zote, lakini bado alibishana naye. "Hapo umetia chumvi, mume wangu," alimwambia, kisha akacheka peke yake.

Siku hizi magoti yalimsumbua, na safari ya kutoka chumbani hadi sebuleni ilimchosha. Mjukuu wake alimwonea huruma. Msichana huyu walimwita Kidole, kwa sababu hapiti karibu na kitufe bila kukibonyeza. Aliamua kusakinisha programu mpya kwenye seva ili Bibi amsikilize Babu kwa simu, akiwa kitandani.

Jumamosi asubuhi alichukua laptopu ya mama yake, akaingia kwenye seva na kuanza kazi. Programu ilisakinika, lakini ikakataa kuwaka. Badala yake yalitokea maneno ya Kiingereza, na Kidole hakuwa na subira nayo. Alitafuta mtandaoni, akanakili amri ya kwanza aliyoiona, akaibandika. Wapi! Akabandika nyingine, kisha ya tatu, akazima seva na kuiwasha upya. Programu mpya haikuwaka, na sasa hata ile ya zamani ilikuwa kimya.

Alasiri Bibi alikaa kitini, akasubiri. Spika haikutoa sauti. Alimpigia Shangazi, naye akaomba kuzungumza na Kidole. Alitaka kujua kama kuna chochote kilichoguswa.

"Sijagusa kitu, Shangazi," alisema Kidole.

Shangazi alisema kama ni hivyo, huenda diski imekufa. Angekuja na diski mpya, ila nakala aliyokuwa nayo haikuwa na hadithi za mwisho za Babu. Bibi alipoambiwa, alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa chafu.

"Basi ameondoka tena," alisema.

Kidole alikimbilia jikoni. Akajifanya anaosha vyombo hadi aliposikia sauti ya Shangazi mlangoni. Aliporudi sebuleni, Shangazi alikuwa ameshafika na ameshika bisibisi, tayari kuifungua kompyuta.

"Shangazi, usiitoe hiyo diski. Nilikudanganya. Niligusa."

Shangazi aliweka bisibisi chini. Hakumfokea. Alimwomba tu amwonyeshe amri zote alizobandika. Ile ya tatu ilikuwa imebadilisha mmiliki wa mafaili ya sauti, ndiyo maana programu ya zamani ilizuiwa kuyasoma. Hadithi zote zilikuwepo. Shangazi alirudisha umiliki, kisha akamtaka Kidole asome polepole yale maneno aliyoyaruka asubuhi.

"Yanasema mlango huu tayari unatumika," alisema Kidole.

Kumbe programu mbili ziligombania mlango mmoja wa mawasiliano. Kidole aliipa ile mpya mlango wenye namba nyingine, nayo ikawaka.

"Kompyuta ilikuambia panapouma, wewe ukaipa dawa ya ugonjwa mwingine," alisema Shangazi. "Hilo hata mimi limeshanikuta. Lakini uliposema hukugusa kitu, nilikaribia kuitupa diski nzima. Fundi akidanganywa hutibu kisichoumwa. Soma kwanza kabla ya kubonyeza, na ukiharibu, sema mapema. Mara nyingi kilichoharibika huwa bado kinatengenezeka."

Kidole alimpelekea Bibi simu chumbani na kumwomba radhi. Babu alikohoa kidogo, kama kawaida yake kabla ya kuanza. Bibi alifuta machozi, akasogea ukutani na kumwachia mjukuu wake nafasi.

"Njoo tumsikilize mwongo mwenzio," alisema. "Tofauti ni kwamba yeye hakuwahi kukiri."