Kalamu ya Mwalimu Ko

Wanafunzi walimwita Mwalimu Ko. Si mbele yake, jamani, nani angethubutu? Alifundisha Kiingereza katika shule ya sekondari. Mwanafunzi akikosea neno, mwalimu aligonga meza kwa kalamu. Ko! Mwanafunzi alianza upya. Akikosea tena, ko! Alibaki amesimama mpaka mwenzake aseme sawasawa. Siku nyingine nusu ya darasa ilikuwa imesimama.

Nyumbani nako mambo yalikuwa yale yale. Binti yake alikuwa na maneno mengi tangu utotoni, ndiyo maana wakambandika jina la Kasuku. Alisoma katika darasa la baba yake. Wakati wa kula, baba alimtaka azungumze Kiingereza. Akiteleza kidogo, ko! Kijiko kiligonga sahani.

“Baba Kasuku, mwache mtoto ale,” mama alisema.

“Nikimwacha atazoea makosa.”

Kasuku alitamani kitu kimoja: kuisemea shule yake kwenye mdahalo wa Kiingereza. Ulikuwa mwaka wake wa mwisho shuleni. Alipochaguliwa aliruka kwa furaha. Asubuhi ya mdahalo, baba alimfanyisha mazoezi sebuleni. Ko, ko, ko. Hotuba haikufika mwisho hata mara moja.

Ukumbini, Kasuku alisimama. Alifungua kinywa, sauti haikutoka. Alimtazama baba yake kwenye meza ya walimu, kisha akarudi kuketi huku akilia.

Tangu hapo nyumba ilipoa. Kasuku alijibu “ndiyo” na “hapana”, basi. Baba aliyakumbuka maneno yake mengi na roho ikamuuma.

Jirani yao alikuwa mwalimu mstaafu wa Kiingereza. Mama alimwita, naye akamkuta baba amejiinamia.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba. Hebu niambie, Kasuku alipokuwa mdogo aliombaje maji?”

Baba alitabasamu kidogo. “Alikuwa anasema ‘aji’.”

“Ukagonga meza?”

“Hapana! Tulicheka, tukampa maji.”

“Na leo si anasema vizuri?”

Baba akauliza, “Sasa nifanyeje?”

“Mwanafunzi akianza kusema, mwache amalize. Halafu chagua kosa moja tu, lile linaloficha maana. Rudia sentensi yake vizuri, kwa upole. Ukiuliza swali, usiwe na haraka. Wape muda wa kufikiri, hata kwa lugha yao. Kisha wazungumze wawili wawili. Aliyekwisha kumwambia mwenzake haogopi sana kuwaambia wote.”

“Darasa litakuwa soko!”

“Na liwe. Watajifunzaje kuzungumza wakiwa kimya?”

Kesho yake Mwalimu Ko aliiacha kalamu ndani ya droo. Aliwaonyesha wanafunzi picha ya basi lililoharibika njiani. “Mwambie mwenzako nini kilitokea,” alisema. Walitazamana kwanza, wakidhani ni mtego. Kisha minong’ono ikaanza, na baadaye vicheko. Wiki zilivyopita, hata wale waliojificha nyuma walianza kunyoosha mikono. Kasuku alizungumza na mwenzake tu.

Mwisho wa muhula, naye alinyoosha mkono. Alisimama. Kabla ya kusema neno, aliutazama mkono wa baba yake.

Baba aliona. Alificha mikono yote miwili nyuma ya mgongo. Kasuku alisimulia safari ya basi lile mpaka mwisho, na makosa yake yote. Darasa zima likapiga makofi. Lakini mdahalo ulikuwa umeshapita, na hakukuwa na mwingine.

“Nisamehe, mwanangu,” baba alisema siku hiyo wakila.

“Nimeshakusamehe, baba,” Kasuku alijibu. Akaanza kusimulia mambo ya shule kwa Kiingereza, maneno yakamiminika mpaka mama akacheka.

Baba akachukua kijiko. Alitaka mchuzi tu. Kasuku akanyamaza ghafla.

Baba alikirudisha kijiko mezani taratibu, kisitoe hata mlio.

“Endelea, mwanangu,” alisema. Akangoja.